Mboji ya Nyumbani: Vidokezo 8 kwa Anayeanza Kasese na Bwera

Maganda ya matoke, mabua ya mahindi, makapi ya kahawa: nyumba nyingi huyatupa au huyachoma, kisha msimu wa kupanda ukifika watu hao hao wanahangaikia pesa ya mbolea ya dukani. Mji wa Kasese ulikuwa miongoni mwa miji ya Uganda iliyoingizwa katika mpango wa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na Benki ya Dunia wa kugeuza taka za mji kuwa mboji. Nawe unaweza kufanya hivyo nyuma ya jiko lako, bila mashine yoyote.

1. Fuata kalenda ya mvua. Mboji inayotunzwa huiva kwa miezi mitatu hivi. Ukianza Desemba, utaikuta tayari kwa mvua za Machi. Ukianza Juni, utaiwahi mvua ya Septemba.

2. Chagua mahali panapofaa. Kasese mjini jua ni kali: chimba shimo la kina cha sentimita 50 hivi chini ya mwembe au penye kivuli kingine, unyevu usipotee haraka. Ukiwa kwenye miteremko ya kuelekea Bwera, jenga lundo juu ya ardhi na uchimbe mfereji upande wa juu ili maji ya mvua yasilichukue. Kaa mbali na kisima na kingo za mito. Mafuriko ya Mto Nyamwamba ya mwaka 2013 na 2020 yanatosha kuwa onyo.

3. Lundo liwe mita moja kila upande, yaani urefu, upana na kimo. Likiwa dogo sana halipati joto. Likiwa kubwa mno, hewa haifiki katikati.

4. Changanya vikavu na vibichi. Weka ndoo mbili za vikavu kwa kila ndoo moja ya vibichi. Vikavu ni mabua, majani makavu ya migomba na makapi yanayotoka kwenye mashine ya kukoboa kahawa. Vibichi ni maganda ya matoke, majani mabichi ya maharage, alizeti ya porini inayoota kando ya barabara, na samadi ya mbuzi. Ukimenya kahawa nyumbani, yale maganda mekundu yenye majimaji yahesabu kuwa vibichi. Usiyamwage mtoni, yanaharibu maji. Katakata kila kitu kwa panga, maana vipande vidogo huoza upesi.

5. Pima unyevu kwa mkono. Chota kidogo ukamue. Yakitoka matone machache, ni sawa. Yakichuruzika, ongeza vikavu. Mkono ukibaki mkavu, nyunyiza maji. Funika lundo kwa majani ya migomba: kiangazi yanazuia jua, masika yanapunguza mvua inayoingia.

6. Geuza kila baada ya wiki mbili. Chomeka kijiti kirefu katikati ya lundo, ukitoe baada ya dakika kumi na kukishika. Kikiwa cha moto, kazi inaendelea. Kikiwa baridi na lundo bado halijaiva, ligeuze kwa jembe la uma, vya nje viingie ndani. Likinuka vibaya, limekosa hewa: geuza na uongeze vikavu.

7. Jua vya kuacha nje. Kavera, betri, vioo, nyama, mafuta ya kupikia na kinyesi cha mbwa visiingie kabisa. Migomba yenye ugonjwa wa mnyauko nayo ikae mbali, usije ukaupeleka ugonjwa kwenye migomba mizima. Jivu la jiko nyunyiza kidogo tu.

8. Itumie ikiiva. Mboji iliyoiva ni nyeusi, inamong'onyoka mkononi na inanukia kama udongo wa msituni. Hutambui tena ganda wala bua. Weka viganja viwili katika kila shimo la kupandia mboga au mahindi. Kwa mkahawa, izungushe chini ya ncha za matawi, isigusane na shina.

Milimani kwetu kila mvua kubwa huteremka na udongo, na shamba lililochoka halirudishiwi nguvu kwa maneno. Leo jioni, kabla hujatupa maganda ya chakula cha usiku, tenga ndoo moja na uanze.