Pesa ya Kwanza Mkononi: Somo kwa Wanaowalea Vijana Waliotoka Makao ya Watoto

Kila mwaka vijana wa kaunti yetu hufunga virago kwenda vyuoni. Miongoni mwao wapo wachache ambao hawaagwi na mama wala baba. Wamekulia katika makao ya watoto, au kwa familia iliyopewa jukumu la kuwalea kwa muda, au chini ya kafaalah kwa watoto Waislamu, utaratibu ambao sasa unatambuliwa na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Siku kijana huyu anapotimiza miaka 18, sheria haimhesabu tena kuwa mtoto. Miezi michache baadaye simu yake inalia: pesa za masomo zimeingia. Huenda ikawa ndiyo mara ya kwanza katika maisha yake kushika zaidi ya shilingi 500.

Somo la toleo hili ni la walezi, wasimamizi wa makao, walimu wa vyuo na jirani yeyote anayemfahamu kijana kama huyo. Ni somo la kumfundisha kutumia pesa.

Tuanze na jambo ambalo wengi hulikosea. Kijana wa makao akimaliza pesa zake wiki ya tatu, watu husema ni mbadhirifu, au hana adabu. Lakini fikiria alivyoishi. Kengele ililia, akala. Sabuni ilitoka stoo. Viatu vilikuja na mfadhili. Hakuwahi kutumwa dukani akarudi na chenji pungufu na kuulizwa nyingine iko wapi. Hakuwahi kumsikia mzazi akinong'ona usiku kuhusu kodi ya nyumba. Mtoto aliyelelewa nyumbani hujifunza mambo haya bila kufundishwa. Huyu hakupata mahali pa kuyaona.

Na hata aliyelelewa nyumbani hukosea. Mimi mwenyewe, mwaka wa kwanza chuoni, nilinunua redio yenye spika kubwa siku mbili baada ya pesa za HELB kuingia. Kufikia wiki ya tano nilikuwa nakula chai kavu. Nilimpigia mama, akanigombeza vilivyo, kisha akanitumia shilingi elfu moja na gunia dogo la viazi kwa matatu ya jioni. Kosa langu liliishia hapo. Kijana asiye na wa kumpigia akifanya kosa lilo hilo, anaweza kupoteza muhula mzima, na wengine huacha masomo kabisa kwa sababu ya deni la chumba la elfu chache.

Kwa hivyo hatua ya kwanza ni kumwezesha kukosea mapema, kosa likiwa dogo. Ikiwa una kijana wa miaka 16 au 17 nyumbani au katika makao, mpe pesa halisi. Mwachie bajeti ya sabuni, dawa ya meno na sodo au wembe kwa mwezi mmoja, na usimwongezee zikiisha tarehe 20. Mtume sokoni anunue mboga za wiki za watu sita. Akirudi amelanguliwa nyanya, mcheke kidogo, kisha mweleze. Wasimamizi wengine wanaogopa kwamba vitabu vya hesabu vya makao vitavurugika. Vitavurugika kidogo, ndiyo, na hilo linavumilika.

Hatua ya pili ni kumweleza pesa zake zinatoka wapi, kwa kuwa si zote hupita mkononi mwake. Basari kwa kawaida hulipwa moja kwa moja kwa chuo. Inaondoa karo, lakini hainunui unga. Mwanafunzi anaweza kuwa hana deni hata la shilingi moja kwenye karo na bado akalala njaa. Mkopo wa HELB una sehemu ya karo na sehemu ya matumizi, na hii ya pili ndiyo inayomfikia. Ni mkopo, si zawadi: riba yake kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka, na malipo huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Asiyelipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Nimewahi kukutana na vijana waliodhani ni msaada wa serikali tu. Hakuna aliyewaambia vinginevyo.

Hatua ya tatu ndiyo nzito, na hapa nawaomba mchukue kalamu. Tuseme, kwa mfano tu, kijana amepata shilingi 24,000 za matumizi kwa muhula wa wiki 16. Chumba chake ni shilingi 2,500 kwa mwezi. Akipiga hesabu kama wenzake, ataondoa kodi ya miezi minne, yaani 10,000, abaki na 14,000. Akigawa kwa wiki 16, anapata 875 kwa wiki. Inaonekana inatosha.

Lakini muhula ukiisha, wenzake wanarudi nyumbani kula kwa mama. Yeye anarudi wapi? Atabaki kwenye kile chumba. Likizo ya wiki nne ni yake kuilipia. Kwa hivyo aondoe kodi ya miezi mitano, 12,500, abaki na 11,500, agawe kwa wiki 20. Sasa ana shilingi 575 kwa wiki, yaani karibu 82 kwa siku. Shilingi 300 zilizopungua kila wiki ndizo zitakazomlipia likizo. Bajeti zinazotolewa kwa wanafunzi wapya husahau jambo hili kwa sababu huandikwa kwa kudhani kila mtu ana nyumbani.

Shilingi 82 kwa siku ni kidogo, tusidanganyane. Faida ya hesabu hii ni kwamba kijana anajua wiki ya kwanza kuwa atahitaji kibarua cha Jumamosi au mwenzake wa kugawana chumba. Akingoja kujua wiki ya kumi, atakimbilia mkopo wa simu.

Mikopo hiyo inahitaji somo lake. Mwonyeshe kwa namba. Mkopo wa shilingi 2,000 unaotozwa asilimia 7.5 kwa mwezi unaongeza shilingi 150. Inaonekana ndogo. Akiurudia kila mwezi kwa mwaka, amelipa 1,800 juu ya deni, karibu sawa na alichokopa. Hazina ya Hustler, iliyoanza Novemba 2022, hutoza asilimia 8 kwa mwaka mzima. Ikiwa lazima akope, bora aanzie huko. Fuliza nayo ina tabia moja ambayo wengi huigundua wakiwa wamechelewa: pesa yoyote inayoingia M-Pesa hulipa deni hilo kwanza. Kijana anaweza kutumiwa nauli ya kwenda kufanya mtihani, ikamezwa kabla hajaiona.

Baada ya kulipa kodi, pesa zilizobaki zisikae zote mahali pamoja na za matumizi ya kila siku. Azifunge kwenye akaunti ya akiba na ajitumie za wiki moja kila Jumatatu. Pia mwandae kwa jamaa. Mjomba ambaye hakuonekana kwa miaka 12 anaweza kupiga simu wiki ile ile HELB inapotoa pesa. Kijana aliyetamani kuwa na ukoo hupata shida kubwa kusema hapana, na sidhani tumlaumu. Mfundishe jibu moja la heshima: "Mjomba, za muhula huu nimeshalipia nyumba."

Mwisho kuna stakabadhi. Maombi ya mkopo huuliza habari za wazazi na wadhamini, na hapo ndipo wengi hukwama. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, vyeti vya vifo vya wazazi kama vipo, na amri ya mahakama iliyomweka kijana chini ya ulezi vitafutwe akiwa bado kidato cha nne. Ikiwa wazazi hawajulikani, nendeni pamoja kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo na kwa chifu mwombe barua. Idara ya Huduma za Watoto ni ya serikali kuu, lakini afisi zake ziko karibu na wakazi. Fikeni asubuhi, mkiwa na nakala mbili za kila cheti, na andika nambari yako ya simu kwenye fomu kama mtu wa kupigiwa kijana akikwama.