Dondoo muhimu: Bustani ya Bukavu ikianza kuamka

Bukavu majira hubadilika Septemba, kiangazi kikiisha. Vumbi hutulia, vyura huanza kupiga kelele, na kumbikumbi huruka baada ya mvua (watoto huwaona kabla yetu).

Mvua moja isikudanganye. Chimba kwa kidole: kama chini bado kukavu, maharagwe yasubiri. Lengalenga (mchicha) unaweza kuisia mapema karibu na mlango, ambapo ni rahisi kumwagilia. Mbegu zake ni ndogo mno, zichanganye na mchanga mkavu.

Kazi kubwa ni mteremko. Iwe Kadutu au Ibanda hapa Bukavu, matuta yakatize mlima, yasielekee bondeni, la sivyo samadi yako itaishia Ziwa Kivu. Chimba mifereji sasa, udongo ungali mwepesi.