Jua Kali, Maji Baridi: Vidokezo 8 Kabla ya Kujitosa Ziwani

Aliyekulia Mwanza, Kisumu au Kigoma hana mazoea ya kuuliza kama ziwa limepata joto. Huko maji ya juu huzunguka nyuzi 25 mwaka mzima, na watu huuliza habari za mamba, viboko na kichocho. Ndugu zetu waliohamia Chicago, Milwaukee au Toronto wanaishi kando ya maziwa ya tabia nyingine kabisa. Kama uko huko, au unakwenda kuwatembelea, soma haya kabla ya kuwapeleka watoto ufukweni.

1. Usidanganywe na joto la hewa. Mwisho wa Mei, Chicago inaweza kufika nyuzi 30 huku Ziwa Michigan likiwa bado na nyuzi 12 au 13. Maji mengi hayapati moto upesi: sufuria la msibani halichemki kwa kasi ya birika la chai. Hewa huwa na joto kali zaidi Julai. Maji mara nyingi hufika kileleni Agosti.

2. Lijue ziwa lenyewe. Ziwa Superior lina kina cha wastani cha mita 147, na katikati yake hubaki baridi hata Julai. Ziwa Erie lina wastani wa mita 19 tu, hivyo huwahi kupata joto, na Agosti huvuka nyuzi 22. Kwa mwogeleaji mgeni, ghuba iliyojikinga na yenye maji mafupi ndiyo mahali pa kuanzia.

3. Soma namba kwa kipimo chake. Marekani hutangaza joto kwa Farenhaiti, Kanada kwa Selsiasi. Ukisikia 60 Marekani usishangilie, kwani ni nyuzi 16 hivi za Selsiasi. Toa 32, kisha gawanya kwa 1.8. Kumbuka pia kwamba maboya ya vipimo mengi yako mbali na ufukwe, na hali ya pale unapoogelea inaweza kuwa tofauti.

4. Pima mwenyewe. Funga kipimajoto kwenye kamba, ingia hadi maji yafike kiunoni, kitumbukize na usubiri dakika mbili. Usipime ukingoni, ambako mchanga uliopigwa jua huyapasha maji yaliyotulia. Kidole cha mguu hakitoshi: kinakuambia kuna baridi, hakikuambii ni kiasi gani.

5. Jua namba inasema nini.
- *25 na zaidi:* raha kwa karibu kila mtu. Mabwawa ya mashindano huwekwa kati ya 25 na 28.
- *21 hadi 24:* utashtuka kidogo, kisha utazoea. Watoto hupoteza joto upesi kuliko wakubwa, basi watoe mara kwa mara.
- *16 hadi 20:* kwa waliozoea, na kwa muda mfupi. Katika mashindano ya maji ya wazi, shirikisho la kimataifa la kuogelea hulazimisha vazi maalumu la kukinga baridi maji yakiwa chini ya 18, na chini ya 16 hakuna mashindano.
- *Chini ya 16:* usiogelee kwa kujifurahisha.

6. Uliza upepo unatoka wapi. Upepo unaovuma kutoka nchi kavu husukuma maji ya joto kuelekea katikati ya ziwa, na ya baridi hupanda kutoka chini kuchukua nafasi yake. Ufukwe uliokuwa mtamu jana unaweza kupoteza nyuzi kadhaa kwa siku moja. Jambo hilohilo hutokea Ziwa Tanganyika: kati ya Mei na Septemba, upepo wa kusi hupeleka maji ya joto kaskazini, na upande wa kusini, kule Mpulungu, maji hupoa.

7. Ingia kwa miguu, usiruke. Maji baridi humfanya mtu avute pumzi kwa ghafla bila hiari. Kichwa kikiwa chini ya maji wakati huo, atayavuta hayo maji. Lowesha mikono, uso na shingo kwanza. Ukianguka kwenye maji baridi, lala chali uelee mpaka pumzi itulie. Mtafiti wa Kanada, Gordon Giesbrecht, hufundisha kanuni ya 1-10-1: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 ambazo viungo bado vinakutii, na takriban saa 1 kabla ya kuzirai kwa baridi. Kwa hiyo jaketi la kuokoa maisha livaliwe kabla ya kupanda mtumbwi.

8. Toka ukiwa bado unajisikia vizuri. Ukianza kutetemeka, umechelewa. Mwili huendelea kupoa kwa dakika kadhaa hata baada ya kutoka majini, hivyo jikaushe, vaa nguo kavu na unywe chai ya moto. Pombe iache: hukufanya uhisi joto huku ukizidi kulipoteza.

Bendera nyekundu ikipepea, usiingie hata kama maji ni ya joto, kwa sababu mawimbi na mikondo havijali kipimajoto. Na namba ikiwa ndogo, usione haya kuahirisha. Choma nyama, waache watoto wacheze mchangani, mrudi Agosti.