Nafasi ya Chombo na Jamii katika Kusahihisha Kasoro: Mfano wa Kompyuta za Nyumbani

Makala haya yanachunguza jinsi wapenzi wa kompyuta za nyumbani katika miaka ya 1980 walivyozisaka kasoro za programu. Hoja yetu ni kwamba chombo cha kusahihisha, hata kiwe kizuri vipi, hakitoshi pasipo jamii ya wasomaji.

Kompyuta ya Commodore 64 ilitolewa Marekani mwaka wa 1982 ikiwa na lugha ya BASIC. Wengi wa watumiaji wake walinakili programu kutoka majaridani, mstari baada ya mstari. Aliyeandika PIRNT badala ya PRINT alipata ujumbe wa kosa pamoja na nambari ya mstari. Hata hivyo, katika mstari wa DATA, 31 badala ya 13 ni nambari halali. Mashine iliipokea kimya, kisha ikakwama baadaye, mbali na chanzo cha kosa.

Kwa sababu hiyo, mwaka wa 1983 jarida la COMPUTE!'s Gazette lilichapisha programu fupi iitwayo Automatic Proofreader. Kila mstari ulipoingizwa, programu hiyo ilijumlisha thamani za herufi zake na kuonyesha nambari ya ukaguzi. Mtumiaji aliilinganisha na ile iliyochapishwa jaridani.

Mathalani, K ni 75, A ni 65 na T ni 84. Jumla ya KATA ni 289. Ya TAKA pia ni 289. Ni dhahiri kwamba kujumlisha pekee hakugundui herufi zilizobadilishana nafasi. Tukizidisha kila thamani kwa nafasi ya herufi yake, KATA huwa 717 na TAKA 699.

Swali linabaki: je, iwapo kosa limo katika chapa yenyewe? Nambari zitalingana, na chombo kitaithibitisha kasoro. Hapo ndipo jamii ilipohitajika. Jarida hilo lilikuwa na safu ya Bug-Swatter, iliyochapisha masahihisho ya programu za matoleo yaliyotangulia.

Mwanafunzi wa Kiswahili ana funzo hapa. Kikagua tahajia hakitamzuia kuandika "taka" alipokusudia "kata", kwani yote mawili ni maneno sahihi. Mswada wake unahitaji jicho la mwenzake kabla ya kufikishwa kwa mhariri. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kinyozi hajinyoi.