FEZA YA GARANTI NDANI YA KONTRA YA MCHEZAJI



Juma lililopita kulikuwa mabishano makubwa kwa bweni. Rafiki mmoja wa darasa la sita anataka kuacha mtihani wa Serikali, ju ekipe moja imemwahidi kontra. Anasema: "Muchezaji akisha saini, feza ni yake." Mimi nilikataa. Mkubwa wangu alisaini na ekipe fulani miaka mitatu, akavunjika mguu mwezi wa nne. Hawakumlipa tena hata franka moja. Tangu pale nilitafuta kujua mambo haya, na mahali yanaonekana wazi ni Marekani, katika mpira wao ule wa kushika na mikono.

Kule hesabu inayotangazwa haiko ile mchezaji atapata. Mwaka 2014 Colin Kaepernick wa San Francisco alipewa kontra ya miaka 6, ikaitwa ya dola milioni 126. Lakini siku ya kusaini, feza yenye garanti kamili ilikuwa karibu milioni 13 tu! Ingine yote ilingojea masharti. Mwaka 2017 alitoka, miaka ya kontra ingali inabaki.

Garanti iko namna tatu. Kuna ya kuumia: akishindwa kucheza ju ya kilema cha kazini, atalipwa. Kuna ya uwezo: hata kocha akiona wengine wanamshinda, atalipwa. Na kuna ya kikomo cha mishahara, maana tangu 1994 kila ekipe inakatazwa kupita jumla fulani kwa mwaka, na inaweza kumtoa mtu ili ipate nafasi. Zote tatu zikiwa pamoja tangu saini, ndiyo garanti kamili. Kama ni ya kuumia peke yake, ekipe inamfukuza akiwa mzima, na hakuna deni. Tusidharau kuumia: Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa, alichaguliwa wa 8 mwaka 1996 na Carolina, kilema cha mguu kilimaliza kazi yake mwaka 2001.

Feza ya saini yenyewe ni nzuri zaidi, ju inaingia mkononi. Tuseme ni milioni 10 kwa miaka 5: katika kikomo ekipe inahesabu 2 kila mwaka. Ikimfukuza kisha miaka miwili, zile 6 zinazobaki zinaangukia hesabu yake, na mchezaji hayuko tena. Ndiyo sababu wanaogopa kumfukuza.

Wachache walipata garanti yote: Kirk Cousins, mwaka 2018, milioni 84 kwa miaka 3; Deshaun Watson, mwaka 2022, milioni 230 kwa miaka 5.

Nilimwomba rafiki anionyeshe karatasi yake. Tuliisoma mara mbili na taa. Neno la kuumia halimo. Siku ya posho atairudisha kwa ekipe, awaombe waliandike mbele ya kusaini.

Kapita wa shule, darasa la sita