Mwanafunzi mgeni, jimu ya chuo na saa za akina dada

Mji wa Morogoro haukuanza jana kupokea wanafunzi kutoka nje ya nchi. Pale Mazimbu, ilipo leo Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), palikuwa na shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Ilipofika 1992 ANC waliikabidhi kwa serikali yetu. Wageni wanaokuja sasa ni wa namna nyingine. Ni kijana aliyetoka nchi jirani kusomea shahada ya uzamili, anashinda maabara, anakesha na kompyuta, na jioni anarudi chumbani peke yake kwa sababu mji hajauzoea.

Baadhi ya vijana wa namna hii, wakiwemo ndugu zetu Waislamu, huuliza: je, inafaa kwenda jimu ya chuo, au huo ni upuuzi wa watu wasio na kazi? Hapo hatuna haja ya kukaa sana. Mwili ni amana, na Mtume (SAW) mwenyewe alishindana mbio na Bibi Aisha. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa 2020, linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku mbili au zaidi za kukaza misuli. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Mwenye kusema hana nusu saa na ahesabu saa anazokaa na simu mkononi.

Suala ni namna ya kuitumia hiyo jimu, na hapa ndipo mgeni anapopunjika. Katika vyuo vyetu vingi vya umma, ada ya mwanafunzi wa nje ni kubwa kuliko ya mwenyeji. Lakini mgeni huyo huyo huona haya kuuliza kama chumba cha mazoezi kimo ndani ya ada aliyolipa. Nenda ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi katika wiki za mwanzo kabisa. Uliza kama kuna malipo ya ziada, kitambulisho gani kinatakiwa, nani msimamizi, na kama bima yako ya afya inagharamia kuumia mazoezini. Hili la mwisho wengi hulikumbuka wakiwa tayari wameteguka. Ukishaingia, anza na vyuma vyepesi, futa jasho lako kwenye benchi, rudisha vyuma ulipovitoa. Ugeni si udhuru wa kuacha uchafu.

Ama kwa dada zetu, mambo ni mazito zaidi. Chumba ni kimoja, milango iko wazi kwa wote, muziki juu, vijana wa kiume wamejaa kwenye vioo. Dada anachungulia mara moja, anageuka, harudi tena. Miaka miwili ya masomo inakwisha hajafanya zoezi la maana, na hakuna aliyemkataza kwa mdomo. Je, tuseme amechagua mwenyewe?

Tazama walivyofanya wenzao Marekani. Mwanzoni mwa 2008 Chuo Kikuu cha Harvard kilitenga saa sita kwa wiki, katika jimu moja tu kati ya zile za chuo, ziwe za wanawake peke yao kwa majaribio. Ombi lilitoka kwa wanafunzi wa kike Waislamu, na wakalipitisha katika kituo cha wanawake cha chuo. Kelele zilipigwa, wapo waliosema wanaume wanaonewa. Lakini angalia ombi lenyewe lilivyokuwa. Hawakudai jimu ifungwe, wala hawakudai jengo jipya. Waliomba saa chache mahali pamoja.

Dada wa Morogoro, mwenyeji au mgeni, anaweza kuandika barua ya namna hiyo. Iwe fupi. Itaje siku na saa zinazoombwa, na ni bora ziwe zile ambazo chumba huwa kitupu, mathalani asubuhi ya siku za kazi. Itaje idadi ya watakaohudhuria, na majina yao yaambatanishwe. Wasiokuwa Waislamu nao waulizwe, maana wapo wengi wasiopenda kutazamwa wakiruka kamba. Na iombwe msimamizi wa saa hizo awe mwanamke, la sivyo saa zenyewe hazina maana.

Kaka zetu nao wasijione wamesalimika. Tunawasemea sana akina dada juu ya sitara, kisha sisi tunaingia na bukta inayoishia katikati ya paja, wakati wanazuoni wengi wanahesabu uchi wa mwanamume kuwa ni baina ya kitovu na goti. Suruali ya trakisuti haina bei ya kutisha.

Na wakati barua inasubiri majibu, mlima uko pale pale. SUA imekaa chini ya Uluguru kabisa, na njia ya kupanda Morningside ni zoezi tosha la moyo na mapaja. Nendeni kwa kundi, asubuhi na mapema kabla ya jua kukaza, na maji ya kutosha. Msitu wa juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu 2008, kwa hiyo ulizeni kwanza juu ya kibali na kiingilio. Cha mgeni na cha raia si kimoja. Mkiwa mnahema njiani mtapishana na akina mama wa Kiluguru wanaoteremka na mizigo ya ndizi na mboga kichwani kwenda sokoni, nao watawasalimu bila kuhema. Itikieni vizuri, na muwapishe njia.

Mwezi wa Ramadhani usiache kabisa, punguza. Kutembea kwa miguu nusu saa kabla ya futari kunatosha, na vyuma viwe baada ya tarawehe, kama msimamizi atakuwa bado hajafunga mlango.