Mshahara Uliingia Lini?

Mtu akiachishwa kazi Uingereza tarehe 20 Mei, jamaa humhimiza: usilale, peleka maombi ya msaada leo leo. Ushauri huo una upendo, ila unaweza kumpunguzia mamia ya pauni. Ili kuona kwa nini, tuanze chini kabisa: serikali inapimaje kipato?

Kipato hakina maana bila muda. Ukisema unapata pauni 1,200, nitakuuliza: kwa wiki au kwa mwezi, na mwezi wa kuanzia lini? Universal Credit, msaada ulioanza kutolewa mwaka 2013, hupima kwa mwezi, lakini mwezi wake hauanzi tarehe mosi. Unaanza siku uliyotuma maombi. Ukiomba tarehe 21, vipindi vyako vitakwenda hivyo, 21 hadi 20, na hela hutoka siku 7 baada ya kipindi kufungwa. Ndiyo sababu mwombaji mpya hukaa wiki 5 bila kitu, labda achukue malipo ya awali, ambayo ni mkopo.

Na mshahara huwekwa kwenye kipindi gani? Cha siku ulipolipwa, si cha siku ulizofanya kazi. Mwajiri akilipa, huipasha habari mamlaka ya kodi, na kompyuta ya Idara ya Kazi na Pensheni, inayotoa msaada huu, husoma tarehe hiyo. Jasho la Aprili likilipwa Mei, linakuwa kipato cha Mei.

Sasa tumrudie mtu wetu. Tuseme hana mtoto wala ugonjwa, stahiki yake ni pauni 1,000 kwa mwezi pamoja na kodi ya nyumba, na mshahara wa mwisho, pauni 1,200 baada ya makato, unaingia tarehe 28 Mei. Kanuni hukata senti 55 za stahiki kwa kila pauni ya mshahara. Akiomba tarehe 21, mshahara ule unaangukia ndani: zinakatwa pauni 660, na tarehe 27 Juni anapokea 340. Akiomba tarehe 29, mshahara umeshapita. Hauhesabiwi tena kama kipato, umekuwa akiba tu, na akiba isiyozidi pauni 6,000 haimpunguzii kitu. Tarehe 5 Julai anapokea 1,000 kamili.

Kusubiri nako kuna bei. Stahiki ya 1,000 kwa mwezi ni kama pauni 33 kwa siku, hivyo siku 8 zimempotezea 263 hivi. Ukilinganisha na zile 660, amebaki mbele kwa karibu pauni 400. Lakini kama siku ya mshahara ingekuwa mbali kwa siku 20, faida yote ingekwisha. Na mwenye nyumba, tukumbuke, hana habari na hesabu hizi.

Baada ya maombi kupokelewa, tatizo halijaisha. Akina mama wanne waliokuwa wakilea watoto peke yao waliishtaki serikali kwa sababu siku yao ya mshahara ilikuwa karibu na mpaka wa kipindi. Siku hiyo ikiangukia Jumamosi, mwajiri alilipa Ijumaa, na mishahara miwili ikaingia kipindi kimoja, kinachofuata kikabaki kitupu. Unaweza kudhani mwisho wa mwaka mambo husawazika. Hayasawaziki, kwa kuwa mzazi ana sehemu ya mshahara isiyoguswa kila kipindi, na isipotumika haihamishwi. Mwaka 2020 ilikuwa pauni 292 kwa mzazi anayesaidiwa kodi ya nyumba, na makato yalikuwa asilimia 63: pauni 184 zilipotea kila kalenda ilipoteleza. Juni mwaka huo Mahakama ya Rufaa iliona kwamba kuacha hali hiyo bila marekebisho hakukuwa na mantiki, nami nashangaa ilibidi majaji ndio waseme hivyo. Kuanzia Novemba 2020 mshahara mmoja unaweza kuhamishiwa kipindi kingine.

Marekebisho hayo ni ya wanaolipwa kwa mwezi pekee. Anayelipwa kila wiki 4 hupata mishahara 13 katika vipindi 12, kwa hiyo mara moja kwa mwaka kipindi kimoja kitabeba miwili na msaada unaweza kushuka hadi sifuri. Hapo faili lake hufungwa. Akiomba upya ndani ya miezi 6, hurudishiwa tarehe zake zilezile.